Fangasi mpya wa tumbo la mbuzi: hadubini au DNA?

Umemtoa fangasi asiyetaka oksijeni kwenye kinyesi cha mbuzi, sasa unamtambuaje? Hadubini ni rahisi, spora zinazoogelea za jenasi ya Neocallimastix zina mikia mingi, za jenasi ya Piromyces mara nyingi mmoja tu, ila umbo hubadilika badilika, na mikia hiyohiyo ndo iliwafanya watu wadhani ni protozoa (vijidudu vya seli moja) mpaka mtafiti Orpin alipowachunguza wa kondoo miaka ya 1970! DNA ina gharama lakini haidanganyi kirahisi, we chagua tu kipande vizuri, ITS1 (kipande kilicho kati ya jeni za ribosomu) inatofautiana hata ndani ya fangasi mmoja, LSU (jeni ya sehemu kubwa ya ribosomu) imetulia zaidi. Mi naanza na LSU, picha zinafuata. Na tangu 2013 jina jipya la fangasi lisiposajiliwa kwenye hifadhidata ya majina, mfano MycoBank, halihesabiki.