Green for Danger: dakika za mwisho nilizonyimwa

Sikuwa na nia ya kuandika haya, lakini hasira ya siku ile haijanitoka. Niliingia katika duka moja la kurusha filamu, huku Sinza, nikaomba niwekewe kwenye flashi Green for Danger, filamu ya Uingereza ya mwaka 1946 iliyotokana na riwaya ya upelelezi ya Christianna Brand, ambayo niliitazama ujanani nisiielewe hata nusu. Kijana wa kaunta, bila hata shikamoo, akasema, "Mzee, hii haina hata rangi, itakulaza." Nilinyamaza, ingawa ulimi uliniwasha kumwambia kwamba siri nzima ya kifo cha yule tarishi wa posta, anayekata roho kwenye kitanda cha upasuaji kabla hajaguswa na kisu, imefichwa katika rangi.

Nyumbani niliitazama kwa raha nisiyoitarajia. Alastair Sim, akiwa Inspekta Cockrill, anawatambia madaktari, kisha bomu la kuruka la Wajerumani, maana ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, linaponguruma angani anatafuta pa kujificha; na kuna pale anaposoma riwaya ya upelelezi kitandani, anatabasamu kwa kuwa amekwisha mjua muuaji, anafunua mwisho kuhakikisha, na tabasamu linayeyuka. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Basi inspekta anaagiza upasuaji ufanyike mbele ya watuhumiwa walewale, mgonjwa analazwa, anavishwa kifuniko cha dawa ya usingizi, pumzi yake inaanza kubadilika, na hapo hapo picha ikaganda. Faili lilikuwa limekatika.

Nilirudi dukani nikiwa nimefura. "Mzee wangu, umekosa dakika chache tu," alinijibu huku macho yako kwenye simu, "kwani muuaji si atakamatwa?" Nilimtolea maneno yasiyofanana na umri wangu, nikaikandia hata filamu yenyewe kwamba inajivuta mwanzoni, na kweli inajivuta, ingawa si kwa kiasi nilichosema.

Duka hilo sitalikanyaga tena. Au pengine nitalikanyaga, maana yule kijana, ambaye radhi hakuomba, alihangaika hadi akapata nakala kamili na hela yangu akaikataa. Mwisho wake ni mtamu: inspekta anakiri katika ripoti yake kwamba ameshindwa kwa kiasi fulani, anaomba kujiuzulu, na papo hapo anatumaini ombi lisikubaliwe.

Nilipokuwa natoka, kijana aliniita. "Mzee, kwani ni rangi gani?" Nikamwambia aitazame.