Ray-Ban Meta: Miwani nzuri kwa mvaaji, si kwa anayepita mbele yake
Ukiihukumu kama kamera tu, miwani ya Ray-Ban Meta iliyotoka mwaka 2023 haina kasoro kubwa. Ina kamera ya megapikseli 12, picha zake ni safi, na kwa kuwa mikono inabaki huru, fundi au mzazi aliyebeba mtoto anaweza kurekodi bila kusimamisha shughuli yake. Kwa matumizi ya nyumbani ninaipendekeza bila kusita.

Barabarani mambo ni tofauti. Mtu anapoinua simu usawa wa uso, walio mbele yake hutambua mara moja kinachoendelea, na kitendo hicho ndicho kinachowapa nafasi ya kugeuka, kukataa au hata kutabasamu. Miwani hii imekiondoa, na badala yake imeweka taa nyeupe kwenye fremu, inayowaka mvaaji anaporekodi. Taa ya toleo la awali, la mwaka 2021, ilikuwa ndogo kiasi kwamba mamlaka za kulinda data za Ireland na Italia zilihoji iwapo kweli ingemjulisha mtu kwamba anarekodiwa. Katika toleo hili imekuzwa, na mvaaji akiiziba hutakiwa kuifunua kwanza ndipo apige picha, hilo ninalisifu. Hata hivyo, taa humwarifu yule tu anayejua maana yake, na kumwarifu mtu si kupata ridhaa yake.

Wapo watakaodai kwamba hadharani hakuna faragha. Nchini Marekani, kwa kawaida, mtu anaruhusiwa kupiga picha ya kinachoonekana wazi mahali pa umma. Ujerumani, sheria ya mwaka 1907 hudai ridhaa ya mhusika kabla picha yake haijasambazwa, ingawa inatoa nafuu kwa picha za mikutano na maandamano. Sheria hizo zote zilitangulia miwani ya namna hii. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliiunganisha na programu ya kutambua nyuso, wakaonyesha kwamba jina la mtu wasiyemfahamu linaweza kupatikana papo hapo, jambo ambalo taa, hata ingekuwa kubwa kiasi gani, haiwezi kulidokeza.

Anayekusudia kurekodi watu asiowajua ni heri atumie simu, tena baada ya kuwaomba.