Makumbusho ya pinboli Upanga: lipa uingie, ila anza na zile za zamani

Jamani kwanza niwatoe wasiwasi, hii siyo dubwi. Nasema hivyo maana nilipowaambia washkaji naenda kucheza mashine wote wakadaka, "umeanza kubeti lini wewe?", na hata dereva wa bajaji alivyosikia akanipa nasaha mpaka tunafika. Pinboli haikupi hela. Unalipa elfu kumi mlangoni unacheza mpaka vidole vichoke, hakuna cha tokeni wala chenji.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni meza ndefu yenye kioo juu, imeinama kidogo kuja upande wako, unavuta kifyatuo cha springi unaachia, gololi ya chuma inapanda juu inagongana na vitu huko, ikianza kushuka unaipiga irudi kwa vile vibawa viwili vya chini, vitufe vyake viko ubavuni. Ikikupita katikati, imeenda hiyo. Sasa kumbe vibawa vyenyewe vimekuja 1947 tu, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb inaitwa Humpty Dumpty, kabla ya hapo ulikuwa unafyatua halafu unabaki kuitikisa meza na kuomba Mungu, ndo maana serikali za kule Marekani ziliona ni kamari. New York waliipiga marufuku 1942, meya La Guardia na polisi wake wakawa wanazivunja kwa nyundo kabisa, mpaka 1976 jamaa mmoja Roger Sharpe akaenda kucheza mbele ya madiwani, akawaambia gololi inapita pale, ikapita, wakaona kumbe siyo bahati tu, marufuku ikaondolewa. Nilimwambia fundi wa pale angekuja kumhadithia yule bajaji.

Na huyo fundi ndo utamu wa sehemu yenyewe, kwa sababu vibao vya maelezo ni vichache na vingine vimefifia, usipomuuliza yeye utatoka hujui kitu.

Mimi muda mwingi niliumalizia kwenye Royal Flush ya 1976, ya Gottlieb pia. Haina skrini, haina kompyuta, ina karata zimesimama ndani unazigonga zinaanguka, na pointi zinahesabiwa na magurudumu ya namba yanayozunguka kweli kweli huku kengele inalia, siyo sauti ya spika, kengele. Fundi akaifungua akanionyesha tumboni, waya na swichi kibao, kila swichi ina vincha viwili vya chuma vinavyogusana, na hewa yetu hii ya unyevu na chumvi ya baharini inavila, kwa hiyo kila mara yuko na kitupa kidogo anavisugua. Halafu zimetengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120, kila moja ina transfoma yake nyuma, ndo joto la kile chumba linakotoka. Feni zipo, hazisaidii kihivyo. Vaa nguo nyepesi.

The Addams Family ya 1992 ina foleni, na ni haki yake, ziliuzwa zaidi ya elfu ishirini. Kuna mkono unatoka kwenye kiboksi unakunyang'anya gololi, na sumaku chini ya meza zinaivuta kusikoeleweka. Watoto walikuwa wanapiga kelele balaa. Zile za kampuni ya Stern za miaka ya karibuni zina skrini nzuri, taa za kila rangi, misheni za kukamilisha, ila kwangu mimi unajikuta unaangalia video gololi inapotea. Zinapendeza kwa picha za insta, tuseme hivyo.

Umeme ulikatika katikati, jenereta ikachelewa. Ulivyorudi mashine za kisasa zote zikaanza upya, skoa ya kaka mmoja aliyekuwa anaelekea rekodi ikayeyuka, alinung'unika mpaka nikamhurumia. Kwenye Royal Flush gemu nayo ilikufa, ila namba zangu zilikuwa bado zinasomeka pale pale kwenye magurudumu, nikapiga picha.

Kitu cha kujua kabla hujaenda, kuitikisa meza inaruhusiwa, ni sehemu ya mchezo, ila ukizidisha kuna kichuma kinaning'inia ndani kikigusa pete yake mashine inazima vibawa na gololi unaipoteza. Mimi iliniadhibu sana hiyo. Fundi akaniambia, "Dada, isukume kama unamwamsha mgonjwa, siyo mwizi." Baada ya hapo nikaanza kuokoa gololi za pembeni.

Wikiendi mchana pamejaa watoto, bora siku ya kazi jioni. Wenye watoto wadogo waulizieni vistuli mapema kwa dada wa mlangoni, viko vichache na vinagombaniwa. Na pakingi hamna, shukeni na bajaji.