Seti ya T ya kuzibia pancha za pikipiki: tupa nzuri, sindano ya mashaka

Kabla hujatoa hela, inama usome ubavu wa tairi lako. Kama limeandikwa TUBE TYPE, na hasa kama rimu ni ya spoku, seti hii haikuhusu. Uzi wa mpira wa kuzibia utaingia vizuri kwenye tairi, lakini tundu lenyewe liko kwenye tyubu, na upepo utaendelea kutokea kwenye matundu ya spoku. Boda nyingi za kazi mitaani ni za tyubu, na wauzaji bado humsukumia kila mteja seti hii. Hata maandishi ya TUBELESS, yaani tairi lisilotumia tyubu, pekee hayatoshi, kwa sababu mafundi wengi wakishindwa na pancha hutumbukiza tyubu ndani ya tairi la tubelesi. Angalia valvu: kwa kawaida ile ya tubelesi ni mpira mnene uliobana kwenye rimu, ya tyubu ina nati au inacheza ukiisukuma kwa kidole.

Kilichomo kwenye seti ni tupa ya duara yenye mpini wa T, sindano yenye mpini kama huo, nyuzi tano za mpira unaonata zenye urefu wa sentimita 10 hivi, na gundi kidogo. Zinapatikana kwenye maduka ya vipuri, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, na tofauti kati ya nzuri na mbovu haionekani kwenye boksi.

Tupa ndiyo inayostahili sifa. Meno yake yanakata kweli, na mpini wa chuma unakupa nguvu ya kusukuma kwa uzito wa kifua. Iache ile yenye mpini wa plastiki ulionyooka kama wa bisibisi. Tairi la nyuma la pikipiki ni gumu, na plastiki huzunguka juu ya chuma kabla tupa haijaingia nusu.

Sindano ndiyo inayoangusha seti nyingi. Tazama tundu lake. Lazima liwe limepasuliwa kidogo kwenye ncha, ili ukiivuta uzi uponyoke na kubaki ndani ya tairi. Likiwa limezibwa pande zote kama tundu la sindano ya kushonea, utautoa uzi uleule uliouingiza kwa jasho. Kasoro nyingine ni unene wa nyuzi. Zile za magari zina milimita 6 hivi, na skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo siku hizi zimejaa barabarani kama misumari ya bati, zina milimita 3.5. Uzi mnene kwenye tundu jembamba unakulazimisha kulipanua kuliko inavyohitajika. Ukipata seti yenye nyuzi nyembamba za pikipiki, chukua hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Ukiona kichwa cha skrubu kwenye kashata, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, usikivamie kwa koleo. Kwanza mwagia maji ya sabuni. Isipotoa povu, huenda imelala kiubavu ndani ya mpira bila kutoboa, na utaitoa bila kuziba chochote. Ikitoa povu, iache palepale mpaka vifaa vyote viwe mkononi na uzi umeshapita kwenye sindano, ncha mbili zikilingana. Tairi lenye upepo hata kidogo halibonyei ukisukuma tupa. Tairi bapa linakubali tu, na ncha inaweza kugonga rimu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu skrubu ije mahali unapoweza kulalia mpini, na uweke alama ya chaki.

Skrubu hutolewa kwa bisibisi ya nyota, kinyume cha saa, kama unavyoifungua kwenye mbao. Ukiivuta, hesi zake zinachana mpira na nyuzi za nailoni zilizo ndani ya tairi lenyewe, na tundu la milimita 3 linageuka mpasuko. Kichwa kikiwa kimesagika, kibane kwa koleo ila bado uzungushe. Angalia imeingia kwa mwelekeo gani, maana tupa lazima ifuate njia ileile. Ukitoboa wima pale ambapo skrubu iliingia mshazari, umetengeneza tundu la pili.

Paka tupa gundi, izungushe kwa mwelekeo wa saa ukiingiza na ukitoa, mara nne au tano. Wengi huruka hatua hii kwa huruma ya tairi, kisha hulalamika kwamba uzi haushiki. Uzi unahitaji ukuta uliokwaruzwa. Upake uzi gundi pia, hapo inafanya kazi ya kulainisha kwanza na kunata baadaye. Sukuma mpaka mikia ibaki sentimita 1 hadi 1.5 nje, halafu vuta sindano kwa mpigo mmoja, bila kuizungusha. Kata mikia ibaki milimita 2 au 3, jaza upepo, rudisha maji ya sabuni. Povu likitoka taratibu, ongeza uzi wa pili kwenye tundu hilohilo. Tundu linalozidi milimita 6, au lililo kwenye bega au ubavu wa tairi, usilizibe kwa seti hii. Sehemu hiyo hujikunja kila mzunguko na itautema uzi.

Upungufu mkubwa ni kwamba boksi halina pampu. Pampu ya baiskeli inatosha, kwa subira, mradi tairi halijaachia ukingo wa rimu. Likishaachia, pampu ya mkono haitalirudisha. Hapo unahitaji kompresa, au angalau kamba iliyokazwa kuzunguka tairi katikati ya kashata ili kingo zisukumwe nje, na sabuni kwenye kingo.

Watengenezaji wengi wa matairi hutaka pancha izibwe kwa ndani, na uzi huu uwe wa kukufikisha kwa fundi. Mitaani unaachwa mpaka tairi liwe kipara. Kwa pikipiki ya mjini inayokwenda taratibu hilo linavumilika. Kwa barabara kuu, au ukibeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hapana.

Mwenye tyubu afanye hivi: skrubu ikiwa ndani na upepo bado upo, aiache na aende pole kwa fundi wa karibu. Upepo ukiisha, asukume. Tyubu likizunguka ndani ya tairi bapa, valvu hukatika, na hapo hakuna kiraka. Fundi akague tyubu pande zote mbili, maana ncha ndefu hutoboa na upande wa rimu.

Ukinunua, fungua boksi palepale dukani. Nyuzi zisipokamata vidole, zimekauka. Gundi iwe kwenye kitubu cha bati ambacho mdomo wake haujatobolewa, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka hata ukiifunika. Pancha ya pili, tegemea solusheni, yaani gundi, ya fundi wa viraka vya baridi. Inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kwenye boksi.