Les Misérables: kaseti iliyoungwa kwa selotepu

Nilikuwa na miaka 11 baba alipokuja nyumbani na kaseti mbili za Les Misérables, mchezo wa jukwaani wa nyimbo, ndani ya kasha moja, na juu ya kasha mchoro wa mtoto wa kike mwenye macho makubwa na nywele zilizotimuliwa na upepo. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Sikujua Jean Valjean, mhusika mkuu, ni nani, wala kwa nini mtu afungwe miaka 19 kwa habari iliyoanzia kwenye mkate wa kuiba. Lakini ule mlio wa kwanza wa okestra ulinikuta nimeketi sakafuni, na sikuinuka mpaka upande wa kwanza ulipokwisha. Nina zaidi ya miaka 30 na nyimbo hizi sasa. Nimezisikiliza nikiwa na furaha, nikiwa mgonjwa, na usiku ule mama alipolazwa. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni uzoefu wa mtu anayeipenda kazi hii kwa moyo wote.

Kaseti zile zilikuwa rekodi ya waigizaji wa kwanza wa London, ya mwaka 1985. Colm Wilkinson ni Valjean, Roger Allam ni Javert, Patti LuPone ni Fantine, Frances Ruffelle ni Éponine. Muziki ni wa Claude-Michel Schönberg. Kazi ilianzia Ufaransa mwaka 1980, Alain Boublil akiwa mmoja wa waandishi wa maneno yake, kisha Herbert Kretzmer akaandika maneno ya Kiingereza. Ilipofunguliwa London Oktoba 1985, wahakiki wengi wa magazeti waliiponda, na watu wakaendelea kupanga foleni ya tiketi kana kwamba hawakusoma. Karibu kila kitu ndani yake kinaimbwa, mwanzo hadi mwisho, kama utenzi. Hakuna mtu anayesimama kuongea kidogo halafu wimbo uanze.

Na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Kwa kuwa kila kitu kinaimbwa, mahadhi ndiyo yanayobeba hadithi. Nililigundua hilo nikiwa na miaka 17, nikiosha vyombo, kaseti ya pili ikicheza. Javert, yule askari aliyemwinda Valjean maisha yake yote, ameachiwa hai na mtu yuleyule aliyekuwa akimwinda. Anasimama darajani juu ya Mto Seine na kuimba kwamba dunia aliyoijua imeporomoka. Nikaacha sufuria. Mahadhi yale nilikuwa nayajua tangu upande wa kwanza kabisa: ni yale anayoimba Valjean baada ya kumwibia askofu vyombo vya fedha, na askofu huyohuyo kumwokoa kwa polisi na kumwongezea vinara viwili juu yake. Wimbo ni uleule, hata baadhi ya maneno ni yaleyale. Watu wawili wametendewa huruma ambayo hawakuitegemea. Mmoja anaichana hati yake ya kifungo na kuanza maisha mapya, mwingine anajitupa mtoni.

Nilikwenda kumwambia baba huku mikono inatiririka povu. Akanisikiliza, akasema, "Rudisha nyuma, mwanangu." Tukarudisha. Tukasikiliza vyote viwili, kimoja baada ya kingine, mara tatu. Mama akaja kuuliza vyombo vimeishia wapi.

Tangu siku hiyo nikawa siachi kutafuta. Wimbo wa upweke wa Éponine, anaotembea nao usiku akimwazia kijana asiyempenda, ni mahadhi aliyofia nayo Fantine kitandani akimwita mtoto wake, Cosette. Mwishoni kabisa wanawake hao wawili, wote wamekwisha kufa, wanarudi na mahadhi hayohayo kumpokea Valjean. Kuna pia ule wimbo mkubwa unaofunga sehemu ya kwanza, kila mtu akiisubiri kesho yake. Ukiusikiliza kwa makini, Valjean anaimba wimbo wake wa zamani, wapenzi wawili wameazima mahadhi ya ndoto ya Fantine, na wale mume na mke wezi wa nyumba ya wageni wanapenyeza wa kwao katikati. Nyimbo ulizozisikia moja moja kwa zaidi ya saa nzima zinakaa pamoja bila kugombana. Bado nywele zinanisimama.

Wimbo wa sala ya Valjean kwenye boma la vijana waasi sitausema sana. Ulitungwa wakati wa mazoezi, kwa ajili ya sauti ya Wilkinson, na anauimba juu kabisa na polepole, karibu kama mnong'ono, ili asimwamshe kijana aliyelala. Mtu anamwombea mwingine apone, yeye yuko tayari kufa. Usiku ule mama alipolazwa, wimbo huu ndio pekee niliousikiliza.

Nilifika London kuiona jukwaani mwaka 2011, wakati bado wanatumia lile jukwaa la kuzunguka. Ninashukuru niliwahi, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2019 onyesho la London limebadilishwa na jukwaa hilo halipo tena. Mapigano ya mwisho yanakwisha, okestra inanyamaza taratibu, halafu boma lote la meza, viti na magurudumu linageuka mbele yako, na upande wa pili unamwona Enjolras, kiongozi wa vijana waasi, ananing'inia kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Hakuna anayeimba. Miaka yote nilikuwa na kaseti tu, bila kujua tukio hilo linaonekanaje. Wengi hudhani hayo ni mapinduzi makubwa ya Ufaransa ya 1789. Sivyo. Ni maasi ya Paris ya Juni 1832, yaliyozimwa ndani ya siku mbili, na ukilijua hilo vijana wale wanaumiza zaidi.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza: rekodi ya 1985 ndiyo yangu, lakini ina mapengo. Matukio kadhaa yamekatwa, wimbo wa nyota wa Javert umewekwa mapema kuliko unavyokaa jukwaani siku hizi, na kuna wimbo mmoja wa Cosette ambao baadaye uliondolewa kabisa. Mimi ninaupenda, ila nakiri hadithi inakwenda vizuri bila huo. Ukitaka kila neno, tafuta ile rekodi kamili ya okestra, sidii tatu, ambamo Javert ni Philip Quast. Sauti yake ni nzito na imenyooka, na humchukii hata kidogo. Ila Valjean wangu atabaki Wilkinson.

Limebaki jambo moja. Kaseti yetu ya kwanza ilinaswa ndani ya redio katikati ya wimbo huo wa nyota. Baba aliukata utepe uliokunjamana kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa kipande cha selotepu, akaurudisha ndani kwa kuuzungusha na penseli. Tukapoteza kama maneno manne. Nilijifunza wimbo ukiwa na pengo hilo, na kule London mwigizaji alipoyaimba maneno yaliyokosekana nilishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi asiyoijua katika nyumba yake mwenyewe. Niliporudi nilimwimbia baba maneno yenyewe. Akayarudia, akasema ni mazuri. Mpaka leo tukiimba wimbo ule pamoja, tukifika pale, wote wawili tunaruka.