Mtungi una plastiki yake, ndani oksijeni ya dakika kumi
Nina kliniki ndogo ya meno hapa Morogoro. Si kawaida yangu kuandika habari za mtu anayeniuzia kitu, lakini hili limenikaa kooni.

Mitungi yangu ya oksijeni ni miwili, ile midogo ya lita 5. Niliinunua kipindi cha UVIKO-19, wakati watu wanaisaka kwa udi na uvumba, nikaapa sitakodi tena. Niliipaka jina la kliniki kwa rangi ya bluu, chini kidogo ya pale begani ilipogongwa tarehe ya kupimwa uimara. Mtungi ukiisha unapelekwa kwa wakala wa gesi, anajaza, tunarudishiwa wa kwetu. Ndivyo nilivyodhani.

Juzi kati kijana wangu akarudi na mtungi nisioujua. Rangi imebabuka, jina hakuna, tarehe ya kupimwa imepita zamani. Lakini mdomoni una ile plastiki ya kubana, mpya, inang'aa, maana yake umejazwa na haujaguswa. Nikaiamini plastiki.

Haikupita wiki, akaja mama mmoja mtu mzima, ana pumu. Tumemng'oa gego la chini salama, ananyanyuka aende, akashika mlango. Kifua kinapiga filimbi. Tukamrudisha kitini, tukamkalisha wima, akavuta pampu yake. Nesi akabandua plastiki, akafunga regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, akafungua koki. Mshale wa geji ya presha ukapanda mpaka baa 20, ukagota hapo.

Mtungi wa lita 5 ukijazwa mpaka presha ya baa 140 unakupa lita 700. Ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika, una saa nzima na dakika kumi juu yake, unatafuta gari bila kuhaha. Kwa baa 20 una lita 100. Dakika kumi, basi. Nesi hakusema neno, alinionyesha geji kwa kidole tu. Na mtungi wa pili ulikuwa huko huko kwa wakala. Kijana akarukia bodaboda hadi zahanati ya jirani, akarudi ameukumbatia mtungi wao kifuani. Mshale wetu ulikuwa umeshalala kwenye sifuri.

Mama alipona, namshukuru Mungu. Mimi usiku ule sikulala.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Kaka wa kaunta yuko na simu yake. Nikamweleza yote, akanijibu bila kuinua macho: "Dokta, mitungi ni mitungi. Wewe unanunua hewa. Mngepima kabla hamjaondoka." Na mtungi wangu uko wapi? "Umeshaenda kwa mteja." Nyuma yake kijana wa kupakia anakaza koki ya mtungi wa oksijeni, mikono imejaa grisi ya gari. Grisi! Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila hata kiberiti. Nikapiga kelele aache, akacheka.

Kwa hiyo wenzangu mnaofungua kliniki, msinunue mitungi. Kodini. Wa kukodi muda wake wa kupimwa ukipita, wa kuulizwa ni mwenye nao, na ukibadilishwa hujapoteza chako. Mimi nimelipa pesa yangu halali, leo namiliki chuma cha mtu mwingine ambacho sijui kilipita wapi.

Niliandika mpaka hapo nikaacha, hasira zilinizidi. Siku chache baadaye, jioni tunafunga, kirikuu ikasimama nje. Dereva wao, mtu mzima ambaye siku zote tunaishia shikamoo na marahaba. Akashusha mtungi mweupe, jina la bluu begani. Wangu! "Nimeuona Kilosa kwenye zahanati moja, nikasema huu una mwenyewe." Aliwaachia mwingine uliojaa, akaubeba huu mpaka kwangu. Hakuna aliyemtuma. Akatoa geji yake garini, tukapima pale pale barazani: 140. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akachuchumaa kuangalia kama kuna kiputo cha gesi inayovuja. Hakuna. Nikataka kumpa ya soda, akakataa, akaondoka na ule uliobabuka.

Sasa niseme nini? Lile jina la rangi ndilo lililourudisha. Mtungi wa kukodi nani angeutambua? Basi nunueni, lakini namba ya mtungi, iliyogongwa begani, iandikwe kwenye daftari lenu na kwenye risiti yao, na mtu wenu asitoke pale bila kufunga geji, plastiki iwepo isiwepo. Mashine ya kuvuta oksijeni hewani nimeifikiria pia, ila niliyoonyeshwa mwisho wake ni lita 5 kwa dakika, na umeme ukikatika ndiyo basi. Mtungi hauepukiki.

Wakala huyu simpendekezi kwa mtu. Huyo dereva wake nampendekeza kwa kila mtu, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu humpati mmoja bila mwingine. Yule wa kaunta mpaka leo hajaniomba radhi. Wiki hii mtungi wa pili umeisha, nimempigia dereva moja kwa moja, amesema anapita kesho asubuhi.