Uzoefu wangu na vishikio vya sufuria vya kroshia, uzi gani na mshono gani

Jamani wapenzi wa kroshia, kama unataka kufuma vishikio vya sufuria anza na uzi kabla hujawaza dizaini, na uwe pamba tupu. Hizi nyuzi za sweta, akriliki, ni laini na rangi zake zinavutia ila kwenye sufuria iliyotoka jikoni zinalainika na kuyeyuka, utaungua vidole. Mimi duka moja waliniuzia uzi wakaniambia pamba, kufika nyumbani nikakata kipande nikakiwasha kiberiti maana uzi mpya lazima niupime hivyo, kikajikunja kikaacha kidonge kigumu cheusi, wakati pamba yenyewe inaungua kama karatasi inabaki jivu linalosagika. Imeniuma sana, bei walinichaji ya pamba.

Sasa mishono. Dabo, ile mishono mirefu, na zile za maganda, zinazotoka kama kipepeo, ni nzuri mno kwa macho lakini zina matundu, moto unapita moja kwa moja, hizo fumia vitambaa vya meza. Mshono wa bisi, ule wa vinundu vinundu, unafaa kuwekea sufuria juu ya meza, ila kushikia hapana, haukunjiki, na sufuria zetu hazina mikono, unabana ule ukingo tu kwahiyo unataka kitu kinene ambacho bado kinakunjika.

Ndo maana kwangu namba moja ni themo, mshono wa kuzuia joto. Ni singo za kawaida tu, ile mishono mifupi ya msingi, ila sindano unaiingiza kwenye kitanzi cha nyuma cha mstari uliopo, hapo hapo unachukua na kile kitanzi kilichobaki wazi kwenye mstari wa chini yake, unafuma vyote pamoja, kitambaa kinatoka cha tabaka mbili bila tundu hata moja. Mistari ya kwanza inabana na haieleweki, vumilia, ikishakaa inateleza yenyewe. Natumia sindano ya milimita 4, upana kama sentimita 20. Nimekipima kwenye ugali maana pale unashika sufuria muda mrefu, mkono mmoja mwiko mwingine umebana ukingo, na unasonga mpaka ugali unaiva mkono uko salama kabisa, nakipenda sana hiki jamani. Sema kinakula uzi balaa.

Anayeanza, piga cheni, ule mnyororo wa vitanzi wa kuanzia, zungusha singo pande zote mbili za cheni, endelea kuzunguka bila kugeuza kazi mpaka ukikunja kingo zikutane katikati, shona hapo, unapata mraba wa tabaka mbili wenye mistari ya mshazari, na ukibadilisha rangi kila mizunguko kadhaa unapendeza hatari.

Na usishikie kikiwa kibichi hata kiwe kinene vipi, maji yanapitisha moto haraka na mvuke unaunguza. Nyekundu na bluu iliyokoza loweka peke yake mara ya kwanza, zinachuja.